Saa ya kuhesabu hatua kutoka Luthuli, mkononi mwa dereva wa matatu

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ya hatua, nyingine kwa sababu ya presha. Hizo tatu ni za mapigo ya moyo, betri, na ule mtetemo wa kunikumbusha kuinuka, ingawa mtetemo wenyewe una vituko vyake.

Mjue kwanza anayeongea ni nani, maana saa hii mkononi mwa mwalimu wa michezo ni kitu kingine kabisa. Mimi ni dereva wa matatu ya abiria 33, mjini hadi Githurai kwa Thika Road. Mzaliwa wa Likoni, lakini nimekaa Nairobi mpaka nikienda kwetu wananiita mtu wa bara. Hamsini nimeshaivuka. Natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, na nikishakaa kwenye kile kiti siinuki ila kwa haja, chai au polisi. Kliniki ya mtaani walinipima presha wakakuta 152 kwa 94. Dawa nikapewa. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaniambia, "Baba, tafuta kitu kikuhesabie unavyotembea." Nikamwambia mimi nasafiri kilomita nyingi kuliko ukoo wetu wote ukijumlishwa. Akanijibu, "Anayesafiri ni gari, baba."

Basi nikaenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini Nairobi. Tangu ile barabara itengenezwe mwaka 2019 kutembea pale kumekuwa raha kidogo, ila kelele za spika ni zilezile. Duka sitalitaja. Bei ya kwanza 4,500, tukavutana, tukaachana 2,800. Boksi lilijaa ahadi: hatua, mapigo, usingizi, oksijeni ya damu, presha, hadi kiwango cha mawazo uliyonayo. Nilipouliza kuhusu garantii, kijana alinionyesha mlango kwa kidevu.

Nianze na hatua, kwa kuwa ndizo zinazouza hizi saa.

Siku ya kwanza nilitembea kutoka nyumbani hadi tunapolaza magari, hata dakika kumi hazifiki. Kabla sijashika chai ya saa nne, kidude kikatetemeka na kunirushia fataki kwenye kioo: hatua 6,000, hongera! Nimekaa tangu alfajiri, nahongerwa. Ndani yake mna kifaa kinachohisi mtikisiko, basi. Mguu hakiujui. Kikitikiswa kwa mpangilio unaofanana na wa mtu anayetembea, kinaandika hatua. Na mkono wa kushoto wa dereva wa Kenya ndio wa gia: ya kwanza, ya pili, rudi ya kwanza. Thika Road asubuhi kazi ni hiyo. Ongeza matuta, ongeza injini ya dizeli inayokohoa gari likisimama. Nikaihamishia mkono wa kulia. Afadhali, lakini usukani nao unatetema. Nikaivaa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, chini ya soksi, ikahesabu klachi. Kondakta wangu alicheka akasahau kumrudishia mama mmoja chenji.

Huyo kondakta, kijana wa Huruma, nilimwazima siku moja. Jioni ilisoma hatua zaidi ya 14,000, na sehemu kubwa naamini ni za kweli, maana nilimwona kwenye kioo. Anaruka chini kila steji, anaita, anasukuma mizigo, anarudi mbio gari likiondoka, anapita katikati ya viti akikusanya nauli. Gari ni moja, vumbi ni lilelile, chapati tunakula kibanda kimoja.

Nilimsimulia binti nikitarajia acheke. Hakucheka. Alinitumia makala kwa WhatsApp ambayo ingefaa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya sacco ya matatu. Mwaka 1949 na 1950, daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, wanaume kama 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa karibu asilimia 90 ya zamu yake; kondakta alipanda vidato 500 hadi 750 vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Walipochapisha matokeo mwaka 1953 katika jarida la Lancet, ilionekana madereva wanaugua maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta. Na kondakta alipougua, aliugua akiwa na umri mkubwa zaidi, wala hakuwa akifa haraka kama dereva. Wakatazama na watu wa posta: wanaogawa barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na afadhali kuliko makarani waliokaa ofisini.

Kilichonishika zaidi ni suruali. Mwaka 1956 Morris alirudi na vipimo vya sare. Kumbe madereva walivaa viuno vipana kuliko makondakta. Hapo mtu atasema, basi tatizo ni kitambi. Lakini hata dereva mwembamba alikuwa hatarini kuliko kondakta mwembamba mwenzake. Nikaiangalia sare yangu ya buluu, ambayo fundi ameshaitolea mshono wote wa nyuma iliokuwa nao, kisha nikaangalia ile maruni ya kondakta inayomning'inia kama imeazimwa. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, akaishi hadi miaka 99, alifariki 2009.

Ndiyo maana hatua za uongo zinaniudhi kuliko ambavyo zingemuudhi mtu mwingine. Saa inampongeza dereva kwa kazi ya kondakta. Mtu akiiamini, atalala usiku akidhani ametembea hadi Thika na kurudi.

Ila saa nayo niipe haki yake. Jumapili nikiingia Karura kwa lango la Kiambu Road, msitu ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea Januari 1999, hesabu yake inakuwa safi. Nikihesabu hatua mia kwa mdomo, yenyewe inaleta 97 au 102. Kwa mtembeaji wa kawaida inatosha kabisa.

Sasa mapigo ya moyo, na hapa ndipo pesa yangu ilipo.

Chini ya saa kuna taa ya kijani. Damu huimeza hiyo rangi, kwa hiyo kila moyo ukisukuma, mwanga unaorudi unapungua kidogo, na saa inahesabu huko kupungua. Nimeilinganisha na vidole vyangu juu ya mshipa wa mkono, nimekaa kitandani kabla ya kuinuka, na mara nyingi tofauti ni pigo moja au mawili. Nikiendesha, sahau. Mtikisiko unaichanganya, na kuna asubuhi iliniambia mapigo 131 nikiwa nimesimama Pangani nasikiliza taarifa ya habari. Kondakta aliwahi kuivisha ndizi mbivu. Ndizi ilikuwa na mapigo 78, afya njema. Mwanga ukikutana na kitu chochote laini utarudi tu, na saa haitaki kukubali kwamba haioni kitu. Kwa hiyo isomwe umetulia, asubuhi, basi.

Kwa nini hiyo namba ya asubuhi? Kwa sababu moyo ni msuli, na msuli usiotumwa hupungua kama mkono uliotoka kwenye plasta. Mtu akilala au kukaa mno, kwanza maji ya damu hupungua, na hilo halichukui hata wiki. Damu inayorudi moyoni inakuwa kidogo, chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, hakijai vizuri, na baada ya muda kinasinyaa na kukakamaa. Kila pigo linatoa damu kidogo, basi moyo unalazimika kupiga mara nyingi ili kazi ileile ifanyike. Ukiwa umepumzika mapigo yanapanda. Ukipanda ngazi unatweta.

Kuna jaribio la Dallas, Marekani, mwaka 1966, ambalo binti hupenda kunitishia nalo. Vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, walilazwa kitandani wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye waliitwa tena wale wale, sasa wana mvi na matumbo, wakapimwa. Miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imewashusha kidogo kuliko zile wiki tatu za kitanda. Soma tena hapo. Halafu wakafundishwa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na kile uzee ulichochukua kikarudi.

Na msidhani ni kulala tu. Mwanaanga Scott Kelly alikaa angani siku 340, mwaka 2015 hadi 2016, akifanya mazoezi karibu kila siku, na bado kile chumba cha kushoto kilipoteza zaidi ya robo ya uzito wake. Kule juu damu haina mlima wa kupanda. Mfaransa Benoît Lecomte naye aliogelea sehemu ya Bahari ya Pasifiki mwaka 2018, saa nyingi kila siku kwa miezi mitano hivi, lakini kwa kuwa mwili ulikuwa umelala juu ya maji, moyo wake nao ulipungua. Haikuwa kwamba mioyo yao iliharibika. Ilijipunguza kufuata kazi iliyopewa. Mimi sijaenda angani wala sijaogelea zaidi ya Mtongwe, lakini nilielewa. Moyo hupima kazi unayoupa, ukaagiza nyama kulingana na hiyo kazi.

Nilipoanza, asubuhi ilikuwa inasoma 84, 86. Siku hizi inacheza kwenye 75. Sisemi ni saa iliyofanya hivyo, na dawa ninazomeza nazo zina mkono wake pengine. Lakini ni namba ninayoweza kuiona ikishuka, na kwa mtu kama mimi hiyo inatosha kunitoa kitandani Jumapili.

Presha: nyota imeanguka hapa, haitainuka. Kila nikipima ni 118 kwa 76, au 121 kwa 79, hata siku ambayo mashine ya mkanda kliniki ilisoma 148. Presha hupimwa kwa kubana mshipa hadi damu isimame, kisha kulegeza na kusikiliza inaporudi. Saa hii haibani chochote. Inakisia, na inakisia vizuri ili ufurahi. Binti aliniona natabasamu nikitazama hiyo 118, akanivua saa mkononi. "Ukiacha dawa kwa ajili ya hii kitu, tutaongea na mama." Sina la kuongeza. Presha pimeni kwa mkanda.

Oksijeni inasema 97 siku zote, nadhani hata kwa ndizi. Usingizi unahesabu ule muda ninaotazama mpira. Tupite.

Mtetemo wa kuinuka niliuchukia kwanza, halafu tukasikilizana. Umewekwa kila saa moja. Unatetemeka, na kwenye kioo anatokea kijana aliyejinyoosha mikono, anasema simama. Nisimame wapi, mwanangu, niko Allsops, nyuma lori, mbele basi, abiria 33 wanataka kazini? Nilitaka kuuzima. Kisha nikasoma habari ya viti.

Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu, watu walikuwa wakilala mahandakini, wengi wameketi usiku kucha kwenye viti vya kukunja vya turubai. Daktari wa maiti aliyeitwa Keith Simpson akaona vifo vya ghafla ambavyo havikutokana na bomu: bonge la damu lilikuwa limeganda miguuni, likasafiri na kuziba mishipa ya mapafu. Ukingo wa mbele wa kile kiti ulikuwa ukibana nyuma ya mapaja. Nikainuka nikaenda kutazama kiti changu. Sponji imekwisha, bomba la mbele unalihisi kwa kitambaa. Kesho yake gari lilipokuwa gereji Grogan nilimlipa fundi wa viti akaweka sponji mpya na kuushusha ule ukingo. Hiyo gharama tajiri alikataa kurudisha, lakini hayo ni ya kwetu.

Shavu la mguu ni pampu. Ukitembea linakaza, linabana mishipa inayorudisha damu, na vilango vilivyomo ndani vinaizuia isishuke tena. Ukikaa, pampu imezimwa, damu inatuama chini na moyo unakosa kilicho chake. Mguu wa kushoto una klachi, angalau. Wa kulia hukaa juu ya mafuta kama umelala. Kwa hiyo mtetemo ukija kwenye foleni iliyosimama kabisa, navuta breki ya mkono, nainua visigino na kuviteremsha mpaka mbele kufunguke. Ukija steji ya mjini, tukisubiri zamu ya kujaza, nashuka. Zamani nilikuwa nabaki kwenye kiti nikisoma gazeti la mtu. Sasa nazunguka gari, naenda hadi mwisho wa laini na kurudi, nasalimia madereva ambao sikuwa nimeona miguu yao. Wananiita inspekta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 2023 walionyesha kwamba kutembea dakika tano kila nusu saa kulishusha presha kidogo, na sukari haikupanda sana baada ya chakula. Walikuwa watu 11 tu, sawa. Mimi pia ni mmoja tu.

Jambo moja la hatari kabla sijasahau: mguu mmoja ukivimba na kuuma upande wa shavu, usiukande kwa mafuta wala usingoje zamu iishe. Nenda hospitali. Kifua kikibana, vilevile. Usitazame saa inasemaje.

Kuhusu umri, kuna habari njema, nayo pia imetoka Dallas. Mwaka 2018 kundi la daktari Benjamin Levine lilichapisha kazi ya miaka miwili na watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wakikaa tu. Waliofanya mazoezi siku nne hadi tano kwa wiki, baadhi ya siku wakijisukuma hadi kutweta hasa, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda asilimia 18 na ule ukakamavu wa moyo ukapungua kwa asilimia 25. Levine anasema ukichelewa mno, moyo uliokakamaa haunyooki tena hivyo. Mimi bado nimo ndani ya huo umri. Kondakta aliposikia akasema, "Mzee, basi shuka wewe uite watu, mimi niendeshe." Leseni hana.

Mambo madogo. Betri inakaa wiki, na hilo limenishangaza. Mvua imeinyeshea bila kuzimika. Mkanda wa mpira unawasha ngozi siku za joto, nauvua usiku. Programu ya simu inataka kuona namba za watu wote unaowajua na mahali ulipo. Nilikataa yote na bado inafanya kazi. Maandishi ni Kiingereza cha kuvunjika, Kiswahili hakuna.

Kondakta, usinunue, huna shida nayo. Dereva, karani, fundi cherehani, askari wa getini anayekaa kwenye kile kiti cha plastiki usiku kucha: inunueni, lakini mzime fataki za hatua mapema. Ukiwa dukani ivae kabla ya kulipa, tulia, hesabu mapigo yako kwa vidole dakika nzima kwa kutazama simu. Ikipishana nawe zaidi ya mapigo matano, omba nyingine. Kwenye boksi lile lile kuna nzima na mbovu. Na ulizia chaja ya pili hapo hapo, maana ina sumaku ya aina yake na nilipoitafuta baadaye nilizunguka Luthuli yote.